Mgawo wa nafasi au tathmini ya awali? Njia mbili za kuingiza usawa katika sera, zikipimwa kwa mahitaji ya Tanga

Halmashauri inayotaka usawa uonekane katika maamuzi yake, na si katika hotuba za wageni rasmi pekee, ina njia mbili kubwa za kuchagua. Ya kwanza ni mgawo: sheria inataja kundi, inataja kiwango, na nafasi au fedha zinatengwa kwa ajili ya kundi hilo kabla ushindani haujaanza. Ya pili ni tathmini ya awali: hakuna anayetengewa kitu, lakini kila sera, kabla ya kupitishwa, hupitiwa ili ijulikane itamgusa nani, itamwacha nani, na kama kuna namna nyingine ya kufikia lengo lile lile bila kumuumiza huyo. Jamii zilizogawanyika kwa dini, kabila au rangi zimejaribu njia zote mbili, na nyingine zimezijaribu kwa wakati mmoja. Ulinganisho huu unaziweka sambamba kwa ajili ya madiwani, watendaji wa kata na asasi za kiraia za Tanga wanaoandaa mapendekezo ya bajeti au ya sheria ndogo, na ambao aghalabu hukimbilia mgawo kwa sababu ndio wanaoufahamu.

Tanga si Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini uliogawanyika kwa dini. Hakuna ukuta unaotenganisha Chumbageni na Ngamiani, na watu wa dini mbili hukaa nyumba moja, huzikana na kualikana harusini bila mtu kuona ajabu. Hata hivyo mji huu haukujengwa kwa usawa. Wakoloni waliupanga kwa rangi: Raskazone yenye upepo wa bahari ikawa ya Wazungu, na Ngamiani, yenye barabara zinazotajwa kwa namba mpaka leo, ikawa ya Waafrika. Shule nazo zilitenganishwa kwa rangi hadi karibu na uhuru, na kwa kuwa nyingi za Waafrika zilikuwa za misheni, watoto wengi wa Kiislamu wa pwani waliingia katika uhuru wakiwa nyuma kielimu; kupunguza pengo hilo ni moja ya sababu za Serikali kutaifisha shule kwa sheria ya mwaka 1969. Juu ya hayo, mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka mbali, ambao wajukuu wao bado huulizwa kwao ni wapi. Mgawanyiko wetu upo. Tofauti ni kwamba hausemwi sana, na kwa sehemu hauhesabiwi. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, na litajadiliwa mbele.

Tathmini ya awali: Kifungu cha 75

Mfano ulio kamili zaidi wa tathmini ya awali uko Ireland ya Kaskazini, ambako mgogoro kati ya Waprotestanti wengi waliotaka kubaki ndani ya Uingereza na Wakatoliki wengi waliotaka kuungana na Jamhuri ya Ireland ulidumu takriban miaka 30 na kuua zaidi ya watu 3,500. Chanzo cha ghasia za mwishoni mwa miaka ya 1960 hakikuwa bendera pekee. Kilikuwa pia nyumba za halmashauri: nani anapewa, nani anasubiri, na ni diwani gani anayeamua. Kwa kuwa kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa ilifungamana na kuwa mwenye nyumba au mpangaji mkuu, kumnyima mtu nyumba kulikuwa pia ni kumnyima kura. Ugawaji wa nyumba ulikuja kuondolewa mikononi mwa halmashauri na kukabidhiwa chombo kimoja kilichoanzishwa mwaka 1971. Kwamba uhasama mkubwa huweza kulishwa na maamuzi madogo ya kiutawala ndilo fundisho lililoingia katika mkataba wa amani wa Aprili 10, 1998, na kisha katika sheria.

Kifungu cha 75 cha Sheria ya Ireland ya Kaskazini ya mwaka huo, kilichoanza kutumika Januari 1, 2000, kinaitaka kila mamlaka ya umma, inapotekeleza kazi zake, izingatie ipasavyo haja ya kukuza usawa wa fursa katika misingi tisa: dini, msimamo wa kisiasa, asili, umri, hali ya ndoa, mwelekeo wa kimapenzi, jinsia, ulemavu, na kuwa au kutokuwa na watu wanaomtegemea mtu. Wajibu wa pili, wa kukuza mahusiano mema, unahusu misingi mitatu tu, yaani dini, siasa na asili, na umeandikwa kwa lugha nyepesi kuliko wa kwanza. Naona mpangilio huo ni wa busara, kwa maana viongozi wengi, hapa kwetu na kwingineko, hupenda kuahirisha haki ya mnyonge kwa hoja kwamba ikitolewa itawaudhi majirani. Atakayeiga kifungu hiki asigeuze mpangilio huo.

Utekelezaji wake ni wa kiofisi, tena wa kuchosha. Kila mamlaka huandika mpango wa usawa na kuuwasilisha kwa Tume ya Usawa, iliyoundwa mwaka 1999 kwa kuunganisha vyombo vinne vilivyokuwa vikishughulikia ajira, jinsia, rangi na ulemavu. Kila sera mpya hupitia mchujo. Ikionekana kwamba athari zake kwa usawa ni kubwa, hufanyiwa tathmini kamili yenye hatua saba, zinazoanzia kwenye kueleza lengo la sera, kupitia takwimu zilizopo, kukadiria athari, kutafuta njia mbadala na za kupunguza madhara, kukusanya maoni ya wananchi, kuamua na kutangaza matokeo, hadi kufuatilia baadaye kile kilichotokea kweli. Muda wa maoni kwa kawaida ni wiki 12. Katika hatua hizo zote, ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine, kwa sababu inamlazimu mtendaji kuandika, kwa jina la ofisi yake, kwamba aliiona njia nyingine na kueleza kwa nini aliiacha.

Udhaifu wake nao unajulikana. Mtendaji asiyetaka usumbufu huweza kusema katika mchujo kwamba sera yake haina athari yoyote, na mambo yakaishia hapo. Mwenye malalamiko huanza kwa mamlaka yenyewe, kisha huenda kwa Tume, nayo inaweza kuchunguza na kutoa taarifa lakini haiwezi kufuta sera wala kutoza faini. Na mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya huko ilisema kwamba njia ya kawaida ya kulalamikia ukiukwaji wa mipango hiyo ni Tume, si mahakama. Tume yenyewe, ilipopitia utekelezaji mwaka 2008, ilikuta ushahidi mwingi zaidi wa mabadiliko katika taratibu za ofisi kuliko katika maisha ya watu. Msomaji anayetafuta matokeo ya haraka anaweza kuishia hapo na kuichagua njia nyingine, na sitamlaumu.

Lakini kuna faida mbili ambazo mgawo hauna. Ya kwanza ni ule msingi wa tisa, wa watu wenye wategemezi. Hakuna nchi ninayoifahamu inayotenga viti kwa ajili ya bibi anayelea wajukuu wanne kwa kuuza maandazi asubuhi. Hana chama, hana kikundi, wala kundi lake halitajwi katika katiba yoyote. Tathmini ya awali humwona, kwa sababu haiulizi ni kundi gani lina nguvu ya kudai, bali ni nani atakayeguswa. Ya pili ni kwamba misingi ikiwa mingi, madai ya usawa hayabaki kuwa ugomvi wa pande mbili. Mwanamke wa Kikatoliki na mwanamke wa Kiprotestanti, au walemavu wa pande zote mbili, hujikuta wakiandika maoni mamoja dhidi ya sera moja. Katika jamii iliyozoea kugawana kila kitu nusu kwa nusu, hilo si jambo dogo.

Mgawo: unachokiweza na kinachoushinda

Ireland ya Kaskazini hiyo hiyo, iliyojivunia kifungu chake cha tathmini, ilipofika kwenye polisi ilichagua mgawo, na kwa hali ilivyokuwa sioni kama ilikuwa na njia nyingine. Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 8 tu ya askari katika jamii ambamo walikuwa zaidi ya theluthi moja ya watu. Tume nyingine, ya kupitia upya polisi, iliyoongozwa na Chris Patten, ilipendekeza mwaka 1999 kwamba waombaji wote wavuke kwanza kiwango cha sifa, kisha kutoka katika orodha ya waliovuka wachukuliwe Wakatoliki na wasio Wakatoliki kwa idadi sawa. Utaratibu huo ulidumu kuanzia mwaka 2001 hadi 2011, na ulipokoma Wakatoliki walikuwa wamefikia karibu asilimia 30. Hakuna mchujo wa sera wala wiki 12 za maoni ambazo zingeleta badiliko la namna hiyo katika miaka 10. Hata hivyo, tangu mgawo uondolewe, kiwango hicho kimesogea kidogo sana. Mgawo ulifungua mlango. Sababu zilizowafanya vijana wa Kikatoliki wasite kuupita, ikiwemo hofu ya kushambuliwa na watu wa upande wao wenyewe, hazikuwa ndani ya uwezo wake.

Burundi iliutumia mgawo kwa jambo zito zaidi. Makubaliano ya Arusha ya Agosti 28, 2000, yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake, na Nelson Mandela, yaliandaa katiba ya mwaka 2005 ambamo Bunge la Taifa lina Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na viti vitatu vya Watwa, huku jeshi likikatazwa kuwa na zaidi ya nusu ya askari wa kabila moja. Kwa watu waliokuwa wakiogopa kuuawa na jeshi la upande wa pili, kiwango hicho cha nusu kilikuwa na thamani kuliko sera yoyote ya kuzingatia usawa. Gharama yake ni kwamba anayetaka kiti lazima ajitaje kabila, na kabila hilo linabaki limeandikwa katika sheria mama.

Kenya, iliyo mwendo mfupi kupita mpaka wa Horohoro, inatoa onyo la aina nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010 inataka vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili za watu wa jinsia moja, lakini kwa Bunge la Taifa haikueleza ni kwa utaratibu gani kiwango hicho kitafikiwa. Miswada ilishindwa mmoja baada ya mwingine, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotimiza wajibu huo. Bunge halikuvunjwa. Kiwango kilichoandikwa bila njia ya kukifikia humfanya mwananchi azoee kuona katiba ikivunjwa, na mazoea hayo ni mabaya kuliko kutokuwa na kiwango kabisa.

Kwetu mgawo una mizizi ya kutosha. Katiba inataka wanawake wawe angalau asilimia 30 ya wabunge, na viti maalumu vipo pia katika mabaraza ya madiwani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka wajumbe wasiopungua watatu kati ya saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Na kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kati ya hizo, ile ya baraza la ardhi ndiyo ninayoiona imekaa vizuri kuliko zote. Wajumbe ni wachache, kila mmoja anaonekana, shauri la mjane dhidi ya shemeji zake husikilizwa na watu ambao baadhi yao wanajua ujane ni nini, na anayetaka kuhakikisha kwamba sheria imefuatwa anahitaji kuhesabu viti saba tu. Viti maalumu vya udiwani vina kasoro inayofahamika na kila aliyekaa kwenye vikao: mwenye kiti hicho hakupigiwa kura na kata yoyote, jina lake limetoka katika orodha ya chama, na kwa sababu hiyo macho yake huelekea kwa walioiandika orodha. Mikopo ya asilimia 10 nayo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonesha marejesho hafifu na vikundi vyenye mashaka, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fedha zilitengwa kwa haki. Swali la kwamba ni mwanamke gani anayeweza kuunda kikundi, kufungua akaunti, kuandika andiko la mradi na kufuatilia ofisini mara kwa mara halikuulizwa kwa uzito uliostahili. Hilo ni swali la tathmini, si la mgawo.

Bila hesabu, zote mbili ni maneno

Njia zote mbili husimama juu ya takwimu, na hapa ndipo Ireland ya Kaskazini na Tanzania zinapoachana kabisa. Kule, tangu sheria ya ajira ya mwaka 1989, waajiri hulazimika kuhesabu wafanyakazi wao kwa jamii wanayotoka na kuwasilisha hesabu hizo kila mwaka. Leo wajibu huo unazigusa taasisi za umma na waajiri binafsi wenye wafanyakazi zaidi ya 10, na kila baada ya miaka mitatu mwajiri hupitia mwenendo wake wa kuajiri na kupandisha vyeo. Mfanyakazi asiyejibu huweza kukadiriwa kwa shule aliyosoma, kwa kuwa shule nyingi za huko huwatenganisha watoto wa jamii hizo mbili. Sheria hiyo haina mgawo. Ina hesabu, maelezo na malengo yenye muda. Mwaka 1990 Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 35 ya wafanyakazi waliohesabiwa. Sasa ni karibu nusu. Sehemu ya ongezeko hilo imetokana na mabadiliko ya idadi ya watu wenyewe, maana sensa ya mwaka 2021 iliwakuta Wakatoliki na waliolelewa katika Ukatoliki wakiwa asilimia 45.7, wakiwapita Waprotestanti kwa mara ya kwanza, lakini si rahisi kudai kwamba hesabu ya kila mwaka haikuchangia.

Tanzania ilichagua kinyume. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza mtu dini na kabila lake. Ulikuwa uamuzi wa kujenga taifa, na ukitazama yaliyowapata majirani zetu ni vigumu kuubeza. Lakini una matokeo ya kiufundi ambayo lazima yasemwe wazi: halmashauri ya hapa haiwezi kuweka mgawo wa kidini hata ikitaka, na haiwezi kufanya tathmini ya athari kwa dini kwa mtindo wa Belfast, kwa kuwa haina hesabu ya kuanzia. Binafsi sishauri hesabu hiyo ianzishwe. Kuwauliza watu dini yao ili kugawa vizimba vya soko kungeleta madhara mengi kuliko pengo ambalo kungeliziba.

Kinachobaki mkononi si kidogo. Sensa ya mwaka 2022 inatoa jinsia, umri, ulemavu, hali ya kaya na makazi. Kati ya hivyo, makazi ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi kwa mji kama huu, kwa sababu historia ya Tanga imelala juu ya ramani yake. Anayelinganisha kata kwa kata umbali wa bomba la maji, idadi ya madawati, vituo vya afya na fedha za barabara, atazigusa tofauti nyingi zilizoachwa na ukoloni, misheni na mashamba ya mkonge bila kumuuliza mtu yeyote anasali wapi au babu yake alitoka wapi. Mgawo hauwezi kuyatumia makazi kwa wepesi huo, maana ukitangaza kwamba kata fulani imetengewa, nyingine itauliza kwa nini si yenyewe, na baraza zima litageuka kuwa mnada. Tathmini huweza, kwa kuwa huuliza swali hilo hilo kwa kata zote.

Mfano wa soko

Tuchukue mfano wa kubuni: halmashauri inataka kubomoa na kujenga upya soko la aina ya Mgandini, lenye wauza machungwa ya Muheza na mboga za Lushoto, wauza samaki, na mama lishe wanaowapikia wote hao.

Kwa njia ya mgawo, baraza linaandika kwamba theluthi ya vizimba ni ya wanawake na asilimia 3 ni ya watu wenye ulemavu. Kanuni hiyo inaeleweka kwa sentensi moja, inatangazika redioni, na siku ya kugawa mtu yeyote anaweza kuhesabu. Yatakayofuata nayo yanatabirika. Baadhi ya vizimba vitaandikwa kwa jina la mke na kuendeshwa na mume, au vitakodishwa kwa siri kwa mwenye mtaji. Kizimba cha mtu mwenye kiti cha magurudumu kitaangukia ghorofa ya pili kwa sababu kura ya bahati ilisema hivyo. Na wanawake waliokuwa wakiuza chini, nje ya lango, juu ya gunia, ambao hawakuwahi kuwa na kizimba, hawatakuwamo katika hesabu kabisa, ingawa ndio wengi.

Kwa njia ya tathmini, kabla mchoro haujakubaliwa, ofisi inayohusika inatakiwa kuandika: nani anauza hapa sasa, ndani na nje, na saa ngapi, katika miezi ya ujenzi watakwenda wapi, na huko daladala zinafika saa ngapi, ushuru ukihama kutoka malipo ya siku kwenda mkataba wa mwaka, nani ataweza kutoa fedha hizo kwa mkupuo, mama lishe atawasha wapi moto, choo kitalipiwa shilingi ngapi na mtu anayekitumia mara nne kwa siku, mwenye mtoto mgongoni atamlaza wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mhandisi wa soko, hata awe hodari vipi, hajawahi kuuza mchicha saa kumi na moja alfajiri. Majibu huzaa njia mbadala ambazo mgawo haungezifikiria, kama vile kujenga kwa awamu ili nusu ya soko ibaki wazi, kuacha eneo la chini kwa wanaouza kwa siku, au kuruhusu ushuru ulipwe kwa wiki.

Hatari yake ni kwamba fomu hujazwa na mtu mmoja mezani, maoni yakaitwa kwa tangazo lililobandikwa ofisini siku mbili kabla, na mchoro ukabaki ulivyokuwa. Ireland ya Kaskazini, yenye tume, wataalamu na bajeti, haikuepuka jambo hilo, na sisi tusijidanganye kwamba tutaliepuka kwa nia njema.

Gharama na usimamizi

Mgawo ni rahisi kuendesha na mgumu kuusitisha. Aliyezoea kiti hakiachii kwa hiari, na ndiyo maana ule wa polisi uliwekewa mwisho tangu mwanzo. Tathmini ni ghali mwanzoni, kwa muda zaidi kuliko kwa fedha, lakini haina mtu anayeimiliki. Kwa upande wa usimamizi mgawo uko mbele: ama viti vitatu vipo ama havipo. Tathmini humtegemea msomaji makini, awe mkaguzi, diwani, mwandishi wa habari au asasi, ambaye atalinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa.

Anayedhani tathmini ni jambo geni mno akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inaitaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wakazi wa Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, wanajua maana ya kuulizwa kabla na maana ya kuulizwa baada. Mtandao wa Jinsia Tanzania nao umekuwa ukidai bajeti yenye mrengo wa kijinsia tangu miaka ya 1990. Sheria ndogo za halmashauri zenyewe zinahitaji wananchi wajulishwe na wapewe nafasi ya kutoa pingamizi kabla hazijapelekwa kuidhinishwa. Mahali pa kuichomeka tathmini ya usawa, basi, papo. Hatuhitaji kusubiri sheria mpya kutoka Dodoma.

Ipi ichaguliwe wapi

Penye chombo chenye viti vichache, ambacho kundi fulani limefungiwa nje kwa muda mrefu na idadi yake inaweza kuhesabiwa kwa macho, chagua mgawo, uandike ndani yake utaratibu wa kuufikia na tarehe ya kuupitia upya. Kamati za soko, kamati za maji za mitaa, vikundi vya usimamizi wa fukwe na mabaraza ya ardhi yanaingia hapa. Usisubiri tathmini, mwanamke asiyekuwamo kikaoni hataokolewa na fomu nzuri.

Penye maamuzi mengi yasiyofanana, ambayo kila moja ni dogo lakini kwa pamoja ndiyo yanayoamua nani anaishi kwa nafuu, chagua tathmini: ushuru, mahali pa stendi na masoko, ratiba ya maji, mgawanyo wa fedha za barabara kwa kata. Kuhamishia mabasi Kange, kwa mfano, ni uamuzi ambao mgawo haungekuwa na la kusema juu yake, ilhali mzigo wa nauli ya ziada haukuwaangukia abiria wote kwa uzito mmoja.

Kwa mikopo ya asilimia 10 zinahitajika zote mbili. Mgawo uko katika sheria na uendelee kuwapo. Tathmini ifanyike juu ya masharti ya kuupata.

Na kama halmashauri ina uwezo wa kuanza na jambo moja tu, pendekezo langu ni tathmini, kwa sababu migawo mikuu tunayo tayari. Ianze kwa mambo matatu pekee katika mwaka wa kwanza: ushuru mpya wowote, uhamishaji wowote wa wafanyabiashara, na mgawanyo wa fedha za miradi kwa kata. Mchujo usainiwe na mkuu wa idara kwa jina lake, na anayesema sera haina athari aandike sababu. Matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa, si makao makuu peke yake, na yasomwe kwenye mikutano ya hadhara ya mitaa. Kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, na kwa kuwa baraza huipitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, wiki 12 za maoni zikihesabiwa kurudi nyuma zinafika Novemba; mchujo, kwa hiyo, uwe umekamilika ifikapo mwisho wa Oktoba, na mradi usiokuwa na karatasi yake usiingizwe katika kitabu cha bajeti.